Waya Mmoja, Mifereji Mitatu

Aliyelisoma daftari la madeni la mama yangu kwa sauti alikuwa mtoto wa darasa la sita, barazani, Jumatano jioni, watu wakiwa wamejaa dukani. Hakuwa ameiba daftari. Alikuwa ameketi kwenye ngazi na simu ya kaka yake, amejiunga na waifai ya nyumba yetu, akifungua kila kilichofunguka. Akakutana na faili, akaanza kusoma kama watoto wasomavyo maandishi kwenye magari: jina la mtu, sukari kilo mbili, sabuni mche mmoja, mafuta ya taa, jumla 14,500, haijalipwa tangu mwezi wa pili.

Mwenye jina alikuwa amesimama pale pale, ameshika pakiti ya chumvi. Aliiweka mezani taratibu, akamwambia mama, "Basi, nitapita siku nyingine," akaondoka. Hakupita siku nyingine. Suji ni kijiji cha mlimani. Ukiacha kwenda duka moja, kila mtu anajua umeacha, na baada ya siku mbili kila mtu anajua kwa nini.

Kosa lilikuwa langu. Mwaka mmoja kabla, nikiwa likizo, nilimhamishia mama madeni kutoka daftari la karatasi kwenda kompyuta ndogo iliyochoka, nikafungulia folda yake ili aweze kuisoma kwenye simu akiwa jikoni. Nilijisifu. Sikufikiria kwamba ninachomfungulia mama ndani ya mtandao ule ninamfungulia kila aliye ndani yake, na ndani yake walikuwamo wengi. Intaneti yetu inatoka kwenye mnara, inapokelewa na antena juu ya bati, inaingia kwenye ruta moja sebuleni. Kutoka hapo waya mmoja wa mita kama arobaini umepita ndani ya bomba chini ya ardhi hadi nyumba ya nyuma, kwenye vyumba vya wapangaji na chumba cha bibi. Wapangaji wanachangia bando kila mwezi. Wapangaji wana wadogo zao, wadogo wana marafiki, na nywila ya waifai ilishakuwa mali ya kijiji.

"Hicho kidude chako nakizima," mama alisema usiku ule.

"Mama, ukikizima wapangaji watadai hela yao."

"Wadai. Mimi nimedaiwa heshima."

Nilimwomba siku tatu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ruta moja inaweza kugawanywa ikawa kama ruta tatu, na waya mmoja ukabeba mitandao miwili isiyoonana. Sikujua kwamba nyuma ya jambo hilo kuna historia ya miaka mingi, wala kwamba sehemu yake nilikuwa nimeikanyaga tangu utotoni, kila tulipoteremka kwenda Makanya.

*

Tuanze na kidude chenyewe. Desemba 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta ya nyumbani iliyoitwa WRT54G: kiboksi cha buluu na nyeusi chenye antena mbili, matundu manne ya kompyuta na tundu moja la intaneti. Miezi michache baadaye, mwaka 2003, kampuni kubwa ya Cisco ikainunua Linksys kwa takriban dola milioni 500. Kwa mnunuzi wa kawaida kilikuwa kiboksi tu, unakichomeka ukutani na kukisahau.

Juni 2003 mtaalamu mmoja, Andrew Miklas, aliwaandikia watengenezaji wa Linux akiwaeleza alichokiona: ndani ya kiboksi hicho kulikuwa na Linux. Linux ni programu huria, na leseni yake, GPL, haikatazi mtu kuitumia kibiashara. Inadai kitu kimoja tu: ukimuuzia mtu kifaa chenye programu hiyo, mpe na msimbo wake akiuhitaji, pamoja na mabadiliko uliyoyafanya. Linksys haikuwa imeutoa. Wenye hakimiliki wakalalamika, na Julai mwaka huo huo msimbo ukawekwa hadharani.

Kilichofuata kinafanana sana na kile ambacho Wapare wanakiita msaragambo. Mtu hapigi baragumu la msaragambo kwa sababu anapenda kelele. Kuna barabara imekatika, na kila nyumba itatoa jembe. Januari 2004 watu wachache walianza kujenga juu ya msimbo ule mfumo wao wenyewe wa ruta, wakauita OpenWrt. Mmoja aliandika sehemu ya redio, mwingine sehemu ya faiwoli, mwingine akatafsiri, mwingine akajaribu na kuripoti kilichoharibika. Hakuna aliyekuwa bosi wa mwingine kwa mkataba. Ruta yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 16 na hifadhi ya megabaiti 4, nafasi ndogo kuliko wimbo mmoja kwenye simu yako, na wote walilazimika kubana humo.

Haikuwa safari laini. Mwishoni mwa 2005 toleo jipya la WRT54G lilikuja na nusu ya kumbukumbu, nusu ya hifadhi, na mfumo mwingine usio Linux. Wateja walionunua ruta ile kwa sababu ya uhuru wake wakalalamika, na kampuni ikatoa toleo la pembeni, WRT54GL, kwa ajili ya wale waliotaka Linux. Mwaka 2016 jumuiya yenyewe iligawanyika: baadhi ya watengenezaji wa OpenWrt walijitenga na kuanzisha mradi ulioitwa LEDE, wakidai uwazi zaidi katika uendeshaji. Waligombana na kutengana, kisha Januari 2018 wakaungana tena chini ya jina la zamani. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya maji au ya kanisa hatashangaa.

Jambo moja dogo lilinichekesha. Matoleo ya zamani ya OpenWrt yalipewa majina ya pombe za kuchanganya, na ukiingia ndani ya ruta, kitu cha kwanza kuonekana kwenye skrini kilikuwa jina la kinywaji pamoja na namna ya kukichanganya. Nimekulia kwenye mlima ambao Waadventista walianza kuufikia mwaka 1903, walipoweka kituo chao cha kwanza hapa nchini huko Giti, na nyumbani kwetu hata chai ya rangi ina historia ya mijadala. Nilishukuru kwamba kuanzia 2018 matoleo yanaitwa kwa namba tu. Mama angepita nyuma yangu akaona maelezo ya kuchanganya vodka, kesi ingekuwa mbili.

*

Sasa ugawaji wenyewe. Mtandao wa waya tunaoutumia majumbani na maofisini, Ethernet, ulizaliwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, na wazo lake la mwanzo lilikuwa rahisi: waya mmoja, wote wameunganishwa, anayesema anasikika na wote. Kwa kompyuta chache ndani ya jengo moja hilo lilitosha. Mitandao ilipokua, kelele ikawa nyingi, na siri ikawa haipo.

Katika miaka ya 1980 mhandisi W. David Sincoskie, akiwa Bellcore, alikuwa akitafuta namna ya kuukuza mtandao huo bila kuuzamisha. Jibu lake lilikuwa lebo. Kila kifurushi cha data kipewe alama, fikiria rangi: nyekundu, kijani, buluu. Swichi ikipokea kifurushi chekundu, ikipeleke kwenye matundu mekundu tu. Waya ni ule ule, swichi ni ile ile, lakini nyekundu haimwoni kijani. Mitandao hii ikaitwa mitandao pepe, kwa sababu mipaka yake haiko kwenye shaba bali kwenye kanuni. Mwaka 1998 taasisi ya wahandisi, IEEE, iliiandika kanuni hiyo kama kiwango rasmi, 802.1Q, ili swichi ya kampuni moja ielewane na ya kampuni nyingine. Lebo ina baiti nne. Sehemu ya namba ndani yake ina biti 12, zinazotoa namba 4,096; mbili zimetengwa, zinabaki 4,094 za kutumia. Mimi nilihitaji tatu.

Na hapa ndipo nilipokuta kitu kilichonifanya niache kusoma na kuikodolea macho ruta ya sebuleni. Kile kiboksi cha buluu na nyeusi, chenye tundu la intaneti upande mmoja na matundu manne ya nyumbani upande mwingine, kwa ndani hakikuwa na vifaa viwili. Matoleo yake mengi yalikuwa na swichi moja yenye matundu yote matano, na waya mmoja tu kutoka swichi kwenda kwenye ubongo. Kilichotenganisha ulimwengu wa nje na nyumba yako kilikuwa mitandao pepe miwili: namba 0 kwa matundu ya nyumbani, namba 1 kwa tundu la nje. Mpaka ambao mamilioni ya watu waliutegemea ulikuwa ni mistari michache ya maandishi. Kiwandani waliiandika wao, na mwenye nyumba hakuonyeshwa. OpenWrt ilimpa mwenye nyumba kalamu.

*

Ijumaa alasiri nikaanza kazi. Mpango niliuchora kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Namba 10, nyumbani: simu ya mama, ya baba, ya bibi. Namba 20, duka: kompyuta ya madeni na simu ya uwakala wa pesa. Namba 30, wapangaji. Tundu la kwanza la ruta, duka peke yake. Tundu la nne, ule waya wa chini ya ardhi, ubebe 10 na 30 zote zikiwa na lebo, kwa sababu nyumba ya nyuma ina wapangaji na pia ina bibi. Huko nyuma ruta ya pili ya mtumba itasoma lebo na kurusha majina mawili ya waifai, la bibi na la wapangaji. Namba 20 isipite kwenye waya ule hata kidogo.

Kwenye matoleo ya sasa, kuanzia lile la 2021, jedwali la ugawaji ni rahisi kusomeka: safu za matundu, mistari ya namba, na kwenye kila kisanduku unaamua kama tundu hilo limo kwa lebo, limo bila lebo, au halimo. Kompyuta ya kawaida haijui lebo, kwa hiyo tundu lake huwa bila lebo, na swichi ndiyo humbandikia namba akiingia na kumbandua akitoka. Waya unaounganisha ruta na ruta huwa na lebo, kwa sababu pande zote mbili zinajua kusoma.

Ukifanya mabadiliko kupitia ukurasa wa ruta, nayo ikaona imekupoteza, inasubiri sekunde kadhaa kisha inarudi ilivyokuwa. Ni huruma kubwa ya watengenezaji kwa watu kama mimi. Lakini nilikuwa nimesoma sana siku mbili, na mtu aliyesoma siku mbili ni mtu hatari. Niliandika mabadiliko moja kwa moja kwenye faili, kwa amri, bila kupitia ukurasa. Jedwali langu lilikuwa na tundu la kwanza na la nne. Kompyuta yangu mwenyewe ilikuwa imechomekwa tundu la pili, ambalo sikuliandika popote.

Nikawasha mtandao upya. Kimya. Nilikuwa nimejifungia nje ya nyumba na ufunguo uko ndani.

Nyumba nzima ikakatika. Mwalimu mpangaji akatokea mlangoni na simu mkononi, hakusema kitu, akaitazama tu ile ruta. Bibi akatuma mtoto kuuliza kama wajukuu wa Mwanza watapiga simu ya video. Nilijua kuna njia: ruta za OpenWrt zina mlango wa dharura, unaizima, unaiwasha, taa ikianza kumetameta unabonyeza kitufe, nayo inaamka bila kusoma makosa yako. Nilikuwa nimeshaishika. Mama akasema kutoka jikoni, "Jua linazama."

Wasiokulia kwenye nyumba ya Kisabato wanaweza kudhani hilo ni taarifa ya hali ya hewa. Kazi hufungwa jua likizama Ijumaa na hufunguliwa likizama Jumamosi. Niliiweka ruta chini.

"Nyumba ya watu sita haina mtandao, mama."

"Nyumba hii imekaa bila mtandao tangu baba yako anaijenga."

*

Jumamosi baada ya ibada baba mdogo alinichukua tukatembea njia ya kuteremka. Alikuwa amesikia habari yote, ya mtoto, ya chumvi na ya ruta. Hakuuliza chochote juu ya ruta. Aliniuliza kama nakumbuka ndiva.

Kila mtoto wa Upare wa kusini anaikumbuka, hata kama anaikumbuka kama mahali alipokatazwa kuogelea. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa mlimani, juu ya mashamba. Usiku, watu wamelala, maji ya kijito yanaingizwa humo. Asubuhi tundu linazibuliwa, na maji yaliyokusanyika yanashuka kwa nguvu ya kutosha kufika mashamba ya mbali, ambayo mkondo mwembamba wa mchana usingeyafikia. Upande huu wa milima, unaotazama magharibi, mvua ni chache. Chini Makanya kuna mkonge na jasi kwa sababu ardhi ile haina subira na mahindi. Bila ugawaji, maji ya kijito kimoja yangeishia kwa anayeishi juu.

Mgawanyo wake una sheria za zamani. Ukoo uliochimba mfereji ndio uliokuwa wenye ndiva. Wengine waliomba kuingia, wakapewa zamu, nao wakalipa kwa nguvu zao wakati wa kuzoa matope. Asiyekuja kuzoa, zamu yake iliruka. Siku hizi nyingi zina kamati, na juu ya kamati kuna sheria ya rasilimali za maji ya 2009, na juu yake Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa kuwa hata kijito cha mlimani kwa karatasi ni sehemu ya bonde. Ndiva ya Manoo, huko Bangalala, imeandikwa na watafiti mara nyingi kwa sababu ya hilo hasa: wa juu, wa kati na wa chini wanakunywa mkondo mmoja, na kila kiangazi maafikiano yao yanajaribiwa upya.

"Unaona pale?" Baba mdogo alinionyesha mahali mfereji unapogawanyika mara mbili, jiwe katikati, udongo na majani yamezibwa upande mmoja. "Leo zamu ni ya kule. Ukitaka kuiba, unasogeza majani kidogo tu. Lakini asubuhi kila mtu anaona shamba la nani limelowa."

Nilimwambia hiyo ndiyo tofauti. Kwenye waya hakuna shamba linalolowa. Mtoto angeweza kusoma madeni yale mwaka mzima bila sauti, na tusingejua. Bahati yetu, kama ni bahati, ni kwamba alisoma kwa sauti.

Alitafakari, kisha akasema, "Kwa hiyo huko ndiko kunahitaji jiwe kubwa zaidi."

Tulipokaa kupumzika akageuza mazungumzo. Akasema watu wa mlima huu hawapendi mali yao ihesabiwe na macho ya mtu mwingine, na hilo halikuanza na simu. Alikuwa anazungumzia mbiru. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika historia ya Wapare kabla ya wengine hawajaiona kuwa historia, ana kitabu kidogo kuhusu jambo hilo. Katika miaka ya 1940 utawala wa Waingereza na machifu wa Upare walileta kodi ya madaraja: badala ya kila mtu kulipa sawa, mali yake ikadiriwe, kisha apangiwe kiwango. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao ya wilaya, wakakaa wakidai kodi ile iondolewe. Mgogoro ulidumu hadi 1947, na kule Usangi, mwaka 1946, wanawake nao waliandamana. Walilalamikia fedha, ndiyo. Lakini walilalamikia pia ukadiriaji wenyewe: karani anaingia, anatazama ng'ombe, kahawa na watoto, anaandika namba, na namba hiyo inakuwa wewe mbele ya serikali.

Sitaki kulinganisha pakiti ya chumvi na maandamano ya miaka miwili. Ila nilielewa, nikiwa nimekaa juu ya jiwe la mfereji, kwa nini yule mama hakugomba. Mtu aliyekukosea kwa maneno unaweza kumjibu. Mtu aliyekusomea namba yako mbele za watu amekupangia daraja, na namba haina jibu.

*

Jua lilipozama Jumamosi nilikuwa nimeshakaa mbele ya ruta. Niliizima, nikaiwasha, taa ikametameta, nikabonyeza. Ikaamka kwenye anwani yake ya utotoni, 192.168.1.1, tupu na pole. Nikafungua faili, nikaongeza tundu la pili kwenye namba 10, bila lebo. Mstari mmoja. Siku nzima ya kimya ilikuwa ndani ya mstari mmoja.

Mitandao mitatu ikasimama, lakini wapangaji bado hawakupata kitu. Simu zao ziliona jina la waifai, zikaingia, zikazunguka, zikakata tamaa. Hili nalo ni kosa la wengi. Nilikuwa nimeweka faiwoli ya wapangaji ikatae kila kitu kinachoelekea kwenye ruta yenyewe, jambo zuri, nikasahau kwamba simu ikifika kwenye mtandao inaanza kwa kuiomba ruta hiyo hiyo vitu viwili: anwani ya kukaa, na kitabu cha kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Maombi hayo yanapita mlango wa 67 na wa 53. Nikafungua hiyo miwili tu. Kutoka chumba cha mwalimu nikasikia simu ikianza kulia mfululizo, meseji za siku nzima zikiingia kama mbuzi wanaorudi zizini.

Mwisho, kanuni iliyo moyo wa yote: kila mtandao unaruhusiwa kwenda nje, na hakuna unaoruhusiwa kwenda kwa mwenzake. Mitandao pepe peke yake hutenganisha matundu. Ruta, ikiachwa, inaweza kuiunganisha tena kwa wema wake. Lazima uiambie isifanye hivyo. Nilichukua simu ya mwalimu, kwa ruhusa yake, nikatafuta kompyuta ya duka. Haikuwepo. Nikatafuta kwa namba. Haikuwepo. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwaka mmoja kabla: nikafunga folda yenyewe kwa nywila. Ukuta ni mzuri, lakini mlango nao ufungwe.

Kitu kimoja hakikubadilika. Asubuhi mpangaji mmoja aliuliza kama sasa intaneti itakuwa na kasi. Hapana. Mifereji mitatu haiongezi maji ya kijito. Bando ni lile lile, mnara ni ule ule. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na kuanzia hapo nchi hii imelaza nyaya za kioo kilomita nyingi, lakini kutoka barabara ya chini hadi bati letu maji bado yanapanda mlima kwa kudondoka.

Nimefikiria baadaye juu ya mwaka 2004. Mwaka ule ule OpenWrt ilipoanza, Dar es Salaam walikuwa na kituo kipya cha kubadilishana intaneti, TIX, ili barua kutoka Kariakoo kwenda Mwenge isilazimike kupitia Ulaya. Mwaka ule ule, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyosema Kiswahili. Mimi nilikuwa mtoto mdogo nikikatazwa kuogelea kwenye ndiva. Watu walikuwa wanachimba, na mfereji mmoja ulikuwa unaelekea kwetu.

*

Jumapili jioni mama alivaa kitenge cha kutokea, akaniambia nibebe chumvi na sukari kilo mbili. Tulikwenda kwa yule mama. Alitukaribisha, akatuletea viti nje. Walisalimiana muda mrefu, wakaulizana hali za watoto, za mashamba, za mvua. Kisha mama yangu akasema, "Nimekuja kuomba radhi. Deni ni la watu wawili. Mimi nililiweka wazi."

Mwenzake alinyamaza. Aliponyanyua uso hakumtazama mama, alinitazama mimi.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa nani anaona?"

Nilianza kumweleza namba 10 na 20 na 30, nikaacha. Nikasema, "Mama yangu. Na mimi, nikiwa nyumbani, kwa sababu ndiye niliyeifunga."

Alilipima jibu hilo. Nafikiri lingekuwa na shaka kama ningesema hakuna anayeona. Alichukua chumvi, akairudisha sukari. "Ya sukari andika," alimwambia mama. "Lakini andika kwenye karatasi."

Mama amerudi kwenye daftari la karatasi kwa watu watatu waliotaka hivyo. Wengine wamo kwenye kompyuta, mtandao namba 20, nyuma ya nywila. Kila nikipiga simu kutoka Dar es Salaam ananiuliza, kabla ya kuniuliza kama nimekula, kama ule mfereji wa duka bado umezibwa. Naingia, naangalia jedwali, tundu la kwanza, bila lebo, peke yake. Namwambia bado umezibwa.